KOMBE LA FA LA BONGO: HISTORIA, SHERIA, FAINALI ZOTE NA ILE SIKU WAGOSI TULIPOLIA

 

Juzi nilikuwa nimekaa stendi na madogo wawili, ubishi ukaanza. Mmoja anasema Kombe la FA lilianza na Azam, kabla ya hapo Bongo hatukuwa na kombe la mtoano. Mwingine anasema bingwa anapewa kikombe, medali na hela tu, basi, hakuna la zaidi. Nikawaambia wote wawili mmekosea. Wakaniuliza, wewe bro umejulia wapi? Nikaona isiwe tabu, naandika kila kitu sehemu moja, ubishi ukianza tena unamfungulia mtu hapa anasoma mwenyewe.

Kwa hiyo kama umelipia nusu saa kwenye kompyuta, tumia dakika kumi hapa, zilizobaki endelea na mambo yako.

1. KOMBE LA FA NI NINI

Ni mashindano ya kila mwaka ya mtoano. Mtoano maana yake ukifungwa umetoka, hakuna kusema tutasawazisha wiki ijayo. Yanaendeshwa na TFF, yaani Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Klabu zote za Ligi Kuu zinashiriki, pamoja na timu za madaraja ya chini.

Jina la "FA" tumelizoea mtaani kwa sababu ya Waingereza, ambao kombe lao lilianza msimu wa 1871/72 na ndilo la zamani kuliko yote duniani. La kwetu jina rasmi limebadilika kufuatana na mdhamini. Lilipofufuliwa msimu wa 2015/16 liliitwa Azam Sports Federation Cup, kwa kifupi ASFC. Kuanzia msimu wa 2023/24 likaitwa CRDB Bank Federation Cup. Ndiyo maana ukimsikia mtu anasema "Kombe la Shirikisho la Azam", mwingine "Kombe la CRDB", mwingine "FA", usibishane nao. Kombe ni lilelile.

2. KABLA YA AZAM KULIKUWA NA NINI

Hapa ndipo dogo wa kwanza alipokosea. Muulize mzee yeyote aliyekuwa anafuata mpira miaka ya sabini na themanini, atakutajia Kombe la Nyerere. Hilo ndilo lilikuwa kombe letu la mtoano, na bingwa wake alikuwa anakwenda kucheza Kombe la Washindi la Afrika.

Mwaka 2004 CAF wakaunganisha Kombe la Washindi na Kombe la CAF (lile ambalo Simba ilifika fainali mwaka 1993 ikafungwa na Stella Abidjan), likazaliwa Kombe la Shirikisho Afrika. Kwetu ukapita muda mrefu mtoano umelala. Tiketi zote za Afrika zikawa zinatafutwa kwenye ligi peke yake: bingwa anakwenda Ligi ya Mabingwa, wa pili anakwenda Shirikisho. Ukishika nafasi ya tano au ya sita, kazi yako ilikuwa kusindikiza wenzako.

Mpaka msimu wa 2015/16 mtoano uliporudi. Ndiyo maana rekodi nyingi mnazoziona siku hizi zinaanzia fainali ya 2016. Na mimi orodha yangu naanzia hapo hapo.

3. LINACHEZWAJE

Timu ndogo ndiyo zinaanza. Mabingwa wa mikoa, timu za First League (zamani tuliita Daraja la Pili) na za Championship (zamani Daraja la Kwanza) zinachujana kwanza. Wakubwa wa Ligi Kuu wanaingia baadaye, kwa misimu mingi ni hatua ya 64 bora. Kisha 32 bora, 16 bora, robo fainali, nusu fainali, fainali.

Kila hatua ni mechi moja tu. Hakuna nyumbani na ugenini. Hii ndiyo utamu wake na ndiyo sumu yake. Kwenye ligi Simba na Yanga wanaweza kuteleza Jumatano wakajirekebisha Jumapili. Huku ukiteleza Jumatano, Jumapili unafua jezi.

Mechi ikiisha sare, ziko hatua wanazokwenda moja kwa moja kwenye matuta, na ziko mechi kubwa wanazoongeza dakika 30 kwanza. Fainali za 2017 na 2022 zote zilifika dakika 120.

Jambo jingine ambalo mimi nalipenda: fainali inatembea. Toka 2017 TFF wakawa wanaipeleka mikoani, na mikoa mingine haijawahi kuona mechi kubwa namna hiyo maishani. Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga, Zanzibar, kote imefika.

4. FAINALI ZOTE KUANZIA 2016 HADI 2025

Hii nakili kabisa weka kwenye simu.

2016: Yanga 3-1 Azam. Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam.

2017: Simba 2-1 Mbao FC, baada ya dakika 120. Jamhuri, Dodoma. Bao la ushindi ni penalti ya Shiza Kichuya mechi ikiwa inaisha kabisa. Watu wa Mwanza mpaka leo wanaiongelea ile penalti.

2018: Mtibwa Sugar 3-2 Singida United. Sheikh Amri Abeid, Arusha. Katika orodha hii ndiyo fainali pekee ambayo haikuwa na Simba, Yanga wala Azam.

2019: Azam 1-0 Lipuli. Ilulu, Lindi. Bao la Obrey Chirwa.

2020: Simba 2-1 Namungo. Nelson Mandela, Sumbawanga. Ilichezwa Agosti kwa sababu msimu ulisimamishwa na korona.

2021: Simba 1-0 Yanga. Lake Tanganyika, Kigoma. Bao la Taddeo Lwanga. Watani wa jadi fainali Kigoma, mazee mji ulifurika.

2022: Yanga 3-3 Coastal Union, Yanga ikashinda penalti 4-1. Sheikh Amri Abeid, Arusha. Hii nitairudia hapo chini, nipeni nguvu kwanza.

2023: Yanga 1-0 Azam. Mkwakwani, Tanga. Bao la Mzambia Kennedy Musonda.

2024: Yanga 0-0 Azam, Yanga ikashinda penalti 6-5. Amaan, Zanzibar.

2025: Yanga 2-0 Singida Black Stars. Amaan, Zanzibar.

Hesabu yake: katika fainali hizi kumi Yanga imechukua tano, Simba tatu, Azam moja, Mtibwa moja. Yaani mara nane kati ya kumi kikombe kilirudi Kariakoo. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoano ni wa timu ndogo, mwambie timu ndogo zinaburudisha njiani, mwisho wa safari wanakutana na walewale.

5. VIGOGO WALIOTEREZA

Lakini njiani kuna burudani kweli. Hizi ndizo za kukumbuka:

- Aprili 2017, Mbao FC ya Mwanza ikaitoa Yanga nusu fainali 1-0 pale Kirumba. Yanga msimu huo ndiyo ilikuwa bingwa wa ligi.

- Desemba 2017, Simba ambayo ndiyo bingwa mtetezi ikatolewa 64 bora na Green Warriors, timu ya jeshi kutoka daraja la chini. Sare 1-1, wakapigiana matuta 4-3. Tena Dar es Salaam, mbele ya mashabiki wake.

- Desemba 26, 2018, Mashujaa ya Kigoma ikaifunga Simba 3-2 Uwanja wa Taifa. Wakati huo Mashujaa haiko Ligi Kuu, na Simba iko njiani kwenda robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika! Huo ndio mtoano.

- Mei 2019, Lipuli ikaichapa Yanga 2-0 Iringa nusu fainali.

- Aprili 2024, Mashujaa wale wale, safari hii nao wapo Ligi Kuu, wakaitoa tena Simba kwa penalti 6-5 kule Kigoma baada ya sare 1-1. Mtu akiwa Msimbazi ukamtajia Mashujaa na FA kwa pamoja, anabadilisha mada.

Sasa angalia upande wa pili, ambao hausemwi sana. Mbao ilifika fainali 2017. Singida United fainali 2018. Lipuli fainali 2019. Zote tatu zilishuka daraja msimu mmoja, 2019/20. Zote! Mtibwa waliobeba kabisa kombe 2018 nao wakashuka 2024, wakarudi 2025.

Mimi nimekaa nikafikiria hili muda mrefu. Kufika fainali unahitaji mechi tano au sita nzuri, kipa mwenye bahati na mshambuliaji mmoja aliyewaka. Kubaki Ligi Kuu unahitaji mishahara ya miezi kumi, nauli za kwenda Kagera na Mbeya, na benchi la kuziba majeraha. Kombe linaweza kukupa sifa za usiku mmoja. Mishahara halilipi.

6. TANGA NA HILI KOMBE

Sasa tuje nyumbani. Muheza hatuna timu ya Ligi Kuu. Ukitaka mpira wa Ligi Kuu unapanda gari, kama kilomita 35, unashuka Tanga unakwenda Mkwakwani. Timu yetu ni Coastal Union, iliyoanzishwa 1948, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Kwa ambao hamtoki huku, "Wagosi wa Kaya" ni jina la utani la Coastal kabla hamjawajua wale jamaa wa hip hop, Mkoloni na Dr John. Mgosi ni bwana, mwanamume, ndivyo tunavyoitana.

Aprili 24, 2016. Nusu fainali ya kwanza kabisa baada ya kombe kufufuliwa, Coastal na Yanga, Mkwakwani. Mimi nilikuwa Muheza nasikiliza redio kwa kinyozi. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Yanga ikawa mbele 2-1, mara tunasikia kelele, mtangazaji anasema mawe na chupa zinaingia uwanjani, mshika kibendera kaumizwa. Mwamuzi akavunja mechi. Yanga wakapewa ushindi, wakaenda fainali, wakachukua kombe.

Pale kwa kinyozi kuna watu walifurahi, wanasema "wamemkoma". Mzee mmoja akasema tu, huyo aliyerusha jiwe amewarushia wachezaji wake mwenyewe. Sikumwelewa siku hiyo. Mwezi uliofuata nikamwelewa. Ligi ilipoisha timu zote tatu za Tanga zikashuka daraja kwa mpigo: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT ya Handeni. Mkoa mzima ukabaki mtupu. Mkoa uliowahi kutoa bingwa wa nchi! Lile kombe ndilo lilikuwa jambo pekee la maana tulilobakiza msimu ule, na tukalimaliza kwa mawe.

Coastal ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Tukapumua.

Halafu ikaja 2022. Nusu fainali Coastal ikaitoa Azam kwa penalti. Upande mwingine Yanga ikaitoa Simba 1-0 kule Mwanza, bao la Feisal Salum. Fainali Julai 2, Arusha.

Hapa inabidi niseme ukweli. Mimi ni Yanga. Marehemu baba alikuwa Yanga, kaka zangu Yanga, nyumbani kuna kalenda ya Yanga ya mwaka sijui gani mpaka leo haijatolewa ukutani. Na nusu ya Muheza ndivyo ilivyo, nusu nyingine Simba. Coastal ni timu ya pili ya kila mtu. Unaishangilia ikicheza na wengine, ikicheza na ya kwako unakaa kimya au unaisaliti. Ndivyo tulivyolelewa huku mikoani.

Basi siku hiyo nikaingia kibanda umiza na jezi ya kijani. Ilikuwa msimu wa machungwa, vijana wa kupakia wamemaliza kazi mapema, kibanda kimejaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Yanga wakati huo wamemaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja, kocha Nabi. Coastal wako na Juma Mgunda, mtoto wa Tanga, aliyewahi kuichezea Coastal mwenyewe. Nikajua hapa tatu bila, nakwenda kulala.

Abdul Sopu akafunga la kwanza. Kibanda kikalipuka. Nikakaa kimya.

Kipindi cha pili Feisal akasawazisha, baadaye Heritier Makambo akaongeza. 2-1, zimebaki dakika chache. Nikaanza kuwacheka jirani zangu. Sopu huyo tena, 2-2. Muda wa nyongeza Sopu kwa mara ya tatu, 3-2!

Wadau, sikumbuki nilisimamaje. Nilijikuta nimesimama juu ya benchi, jezi ya kijani mwilini, napiga kelele na mpakia machungwa mmoja nisiyemjua hata jina, tumekumbatiana. Rafiki yangu mmoja Yanga damu akanitazama, akasema, "Mgosi, vua hiyo jezi basi." Alikuwa anatania, lakini hakuwa anatania. Nilishuka kwenye benchi nikakaa.

Denis Nkane akasawazisha, 3-3. Matuta. Yanga 4, Coastal 1.

Timu yangu ikachukua kombe na mimi nikatoka kibandani kama mtu aliyefiwa. Nilitembea mpaka nyumbani bila kupanda boda. Mtu anafunga mabao matatu peke yake kwenye fainali, halafu anarudi nyumbani na medali ya mshindi wa pili. Sopu baada ya hapo akasajiliwa na Azam, Mgunda mwaka huohuo akachukuliwa na Simba. Ndivyo inavyokuwa: ukifanya vizuri na timu ya mkoa, wakubwa wanakuja kuchukua fundi na vifaa vyake.

Mwaka uliofuata, Juni 12, 2023, fainali ikaletwa Mkwakwani kwetu. Yanga na Azam. Ilikuwa Jumatatu lakini mji ulikuwa kama sikukuu. Yanga walikuwa wametoka siku chache tu kucheza fainali ya Shirikisho Afrika na USM Alger, wakalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini. Nilikwenda, nilivaa kijani, Musonda akafunga, nilishangilia. Lakini kila nikigeuka naona Mkwakwani imejaa watu kutoka Dar, na sisi wenyeji tunauza maji na kupangisha vyumba. Agosti mwaka huohuo Ngao ya Jamii nayo ikachezwa hapo, Simba ikaifunga Yanga kwa penalti 3-1 baada ya suluhu, kipa Ally Salim akidaka matuta matatu. Mkwakwani iliona mataji mawili ndani ya miezi miwili, hakuna hata moja lililobaki Tanga.

7. TIKETI YA AFRIKA (hapa dogo wa pili asome vizuri)

Bingwa wa FA anapata nafasi ya kuiwakilisha Tanzania kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Hii ndiyo zawadi kubwa kuliko hela.

Mfano mzuri ni Simba wenyewe. Toka 2013 walikuwa hawajacheza mashindano ya Afrika. Ligi ya 2016/17 ilichukuliwa na Yanga. Ile penalti ya Kichuya Dodoma ndiyo iliyowarudisha Afrika mwaka 2018. Hao Simba mnaowaona wanacheza robo fainali za Afrika, mlango waliorudia ni huu wa FA.

Mtibwa 2018 nao wakaenda, wakaitoa Northern Dynamo ya Shelisheli, wakaishia kwa KCCA ya Uganda.

Tatizo linakuja pale bingwa wa FA anapokuwa ndiye bingwa wa ligi pia. Yeye anakwenda Ligi ya Mabingwa. Ile tiketi yake ya Shirikisho anapewa nani? Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, na wana haki, maana haikuwa hivyohivyo kila mwaka:

2016, Yanga ilichukua vyote viwili. Azam aliyefungwa fainali akaenda Shirikisho 2017.

2020, Simba ilichukua vyote viwili. Namungo aliyefungwa fainali akaenda Shirikisho, na akafika mpaka hatua ya makundi! Timu ya Ruangwa, Lindi.

2022, Yanga ilichukua vyote viwili. Coastal aliyefungwa fainali kwa matuta... akabaki nyumbani. Safari hiyo nchi ilikuwa na nafasi nne, zikafuata msimamo wa ligi. Yanga na Simba Ligi ya Mabingwa, Azam wa tatu na Geita Gold wa nne Shirikisho.

Sina ugomvi na Geita Gold, walimaliza wa nne kwa jasho lao. Na hoja ya kufuata ligi ina mantiki: anayefungwa fainali hajashinda kombe, na wa nne kwenye ligi amecheza mechi 30. Lakini mchezaji wa Coastal aliyetembea kwenda kupiga tuta pale Arusha, mwenzake wa Namungo miaka miwili nyuma alifungwa fainali na bado akapanda ndege. Yeye alipanda basi kurudi Tanga.

Na ili nisionekane nalalamika tu, nitasema na hili. Msimu wa 2023/24 Yanga ilichukua tena vyote viwili, na safari hii Coastal ndiyo ikamaliza ya nne kwenye ligi. Utaratibu uleule uliotuacha 2022 ndio ukatupeleka Shirikisho 2024. Tulikwenda Angola tukafungwa 3-0 na Bravos do Maquis, marudiano Dar suluhu, safari ikaishia hapo. Lakini tulikwenda.

8. USICHANGANYE NA HAYA

Ngao ya Jamii: ya kufungua msimu. Kwa miaka mingi ilikuwa mechi moja, 2023 ikachezwa na timu nne.

Kombe la Mapinduzi: la Zanzibar, lilianza 2007, linachezwa Januari kuadhimisha Mapinduzi ya 1964. Timu za Bara huwa zinaalikwa, halina tiketi ya Afrika.

Kombe la Kagame: la klabu za Afrika Mashariki na Kati, linaendeshwa na CECAFA. Lilianza 1974, jina la Kagame lilikuja baadaye kutokana na udhamini wa Rais wa Rwanda.

Shirikisho: ukisikia "Kombe la Shirikisho" uliza kwanza, la TFF au la CAF? La TFF ndilo hili FA. La CAF ndilo linalochezwa na bingwa wa hili. Nusu ya ubishi wa vijiweni unaanzia hapo.

9. NINACHOKIONA MIMI

Kwa timu kama Coastal, ubingwa wa ligi kwa sasa ni ndoto ya mbali, tusidanganyane. Bajeti ya Simba au Yanga kwa mchezaji mmoja wa kigeni inaweza kuendesha timu ya mkoa kwa muda mrefu. FA ndiyo njia fupi iliyobaki. Mechi sita, moja moja. Ndiyo maana nasema mambo mawili.

La kwanza kwa wenye kanuni: tiketi ya Shirikisho ijulikane kabla mechi ya kwanza haijapigwa, iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, bingwa akichukua vyote nani anakwenda. Sitaki wanipendelee. Nataka mchezaji anayekwenda kupiga tuta ajue anapigania nini.

La pili kwetu sisi mashabiki wa huku. Tunaijaza Mkwakwani Yanga ikija, Simba ikija. Coastal ikicheza na timu ya kawaida siku ya kazi, majukwaa yanapiga miayo. Halafu tunashangaa Sopu anauzwa. Mimi mwenyewe nimo. Toka ile Julai 2022 nimejiwekea utaratibu, mechi mbili za Coastal za nyumbani kila msimu nalipa kiingilio changu mwenyewe, hata kama mpinzani hana jina. Si nyingi, najua. Nauli ya Muheza-Tanga kwenda na kurudi nayo ni hela.

Na wakikutana tena fainali, Yanga na Coastal? Rafiki yangu alishaniuliza hilo. Nikamwambia jezi ya kijani nitaiacha nyumbani. Sijamwambia nitavaa ipi.

Nawasilisha. Kama kuna mdau alikuwa Arusha siku ile, au Mkwakwani 2016, amwage kumbukumbu zake hapo chini. Ila matusi ya utani wa jadi hapana, kuna wadogo zetu wanasoma.